Tepu ya Ijumaa

Safaa alikataa akiwa amesimama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sauti ndogo, waliokaa mwisho wa meza hawakutambua mara moja kwamba amekataa. Meneja, Bwana Bedan, alikuwa ametoka kutangaza kwamba kuanzia sasa kazi ya kutengeneza nakala ya akiba ya kompyuta itazimwa mpaka mtambo mpya ununuliwe. Hakuna aliyejua mtambo huo ungenunuliwa lini. Bedan alikuwa tayari amefunua ukurasa wa jambo lililofuata.

"Sitaizima," Safaa alisema.

Bedan aliinua macho. "Sikukuuliza kama utaizima. Nimesema itazimwa."

"Basi atafutwe wa kuizima. Ufunguo wa chumba cha kompyuta ni huu."

Aliuweka mezani, katikati ya vikombe vya chai. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuchukua. Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya Thika kama ilivyonyesha tangu Oktoba ya mwaka ule wa 1997, mvua iliyokataa kwisha, na kwa muda watu wote walijifanya wanaisikiliza.

Bedan hakuwa mtu mbaya, na malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Kiwanda kilitengeneza blanketi, na malori ya Nyeri, Meru na Nairobi yalipakiwa Ijumaa alasiri. Hati za mizigo zilitoka kwenye kompyuta moja kubwa iliyokaa katika chumba cha Safaa, na makarani wote waliifikia kwa skrini zilizokuwa juu ya meza zao. Kompyuta hiyo ilinakiliwa kwenye tepu mara moja kwa wiki, katika mapumziko ya Ijumaa. Mapumziko hayo yalikuwa marefu kuliko ya viwanda vingine vya mji, kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu, kwa sababu mwanzilishi wa kiwanda alikuwa Mwislamu, naye alitaka kila anayeswali apate nafasi ya kufika msikitini na kurudi bila kukimbia. Warithi wake waliuacha utaratibu ulivyokuwa. Saa nyingine za ukimya hazikupatikana, kwani kampuni ya bima iliagiza swichi kuu ya jengo la ofisi izimwe kila jioni, na mwisho wa juma wote.

Kwa miaka kadhaa tepu ilimaliza kazi yake mapema, kabla ya watu kurudi. Kisha mwaka ule ikaanza kuchelewa. Kwanza ilichelewa kidogo, baadaye ikawa inavuka alasiri nzima. Makarani walirudi wakakuta skrini zinavuta miguu, herufi moja ikionekana baada ya nyingine, huku madereva wakipiga honi langoni na Bedan akipokea simu za wateja. Ndiyo maana aliamua.

Sasa aliutazama ufunguo, akausukuma kwa kidole kuelekea kwa mwenyewe.

"Nakupa Ijumaa moja," alisema. "Saa nane na nusu watu wakirudi, hiyo kitu yako iwe imemaliza. Ikipita hapo, tepu zote zinaingia stoo na habari yake imeisha. Hata ukilala kwa mlango."

Safaa alichukua ufunguo. Alikuwa amehitimu chuo kikuu katika hesabu na sayansi ya kompyuta, na angeweza kueleza kwa lugha ya kitaalamu kwa nini diski isiyo na nakala ni jambo la hatari. Lakini sababu yake haikuwa ya kitaalamu. Sababu yake ilikuwa Absalom.

Absalom alifanya kazi katika godauni la kiwanda lililokuwa Ruiru, na alikuwa mume wa Nakhumicha, karani wa stoo aliyekaa vyumba viwili tu kutoka kwa Safaa. Mwaka uliotangulia, kompyuta ndogo ya Ruiru iliamka asubuhi moja ikilia kama kikaango, na diski yake haikusomeka tena. Hakuna aliyekuwa ameinakili. Kumbukumbu za wafanyakazi wa godauni zilipotea zote, nao wakaambiwa walete mashahidi wa kuthibitisha waliajiriwa lini. Mashahidi wa Absalom walikuwa wasimamizi wawili, mmoja marehemu na mwingine aliyestaafu akahamia kwao bila kuacha anwani. Basi Absalom, aliyekuwa ameyafunga marobota ya blanketi kwa miaka minane, akaandikwa upya kama mtu aliyeanza kazi mwezi ule. Vijana aliowafundisha kukaza kamba za marobota sasa walimtangulia kwenye zamu ya likizo.

Baada ya hapo ilikubaliwa kwamba tepu ya Thika isilale katika jengo moja na kompyuta yake. Kila Ijumaa jioni Nakhumicha aliibeba kikapuni hadi Ruiru, akampa mumewe, naye akaifungia katika kabati la chuma la godauni kabla ya wote wawili kurudi kwao Mugutha. Tepu ilipochelewa, Nakhumicha naye alichelewa, akafika nyumbani amelowa. Hakuwahi kulalamika. Siku moja tu alimwambia Safaa kwamba kama ingekuwa lazima angeisubiri tepu hiyo mpaka asubuhi.

*

Kunakili ni kazi mbili zilizoshikana mikono. Diski husomwa, tepu huandikwa. Anayesema kwamba nakala inakwenda polepole hajasema lolote bado, mpaka aseme ni ipi kati ya kazi hizo mbili inayomchelewesha mwenziwe. Safaa alianzia hapo.

Aliomba ruhusa ya kufungua ofisi alfajiri ya Jumanne, mara moja tu. Mlinzi aliwasha swichi kuu akinung'unika kwamba hata blanketi zenyewe bado zimelala. Kwanza Safaa aliamuru kompyuta isome diski yote na kukitupa kila inachosoma, bila kuigusa tepu. Diski ilisomwa haraka, bila kusita popote. Kisha akageuza jambo: akaamuru tepu iandikwe data tupu iliyotungwa na kompyuta yenyewe, bila kuigusa diski. Tepu ilizunguka kwa mlio mmoja laini, kama cherehani katika mikono ya fundi aliyezoea. Mlio huo ulimwambia mengi. Tepu inayolishwa vizuri haisimami. Isipolishwa kwa kasi inayoitaka, husimama, hurudi nyuma kidogo kutafuta mahali ilipoachia, kisha huanza tena, na safari hizo za kurudi nyuma ndizo zinazokula saa. Siku za Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, aliikuta ikienda hivyo, mbele na nyuma, kama mtu anayepiga viatu rangi.

Kwa hivyo tepu haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa. Na aliyepaswa kuilisha ni diski, ambayo nayo ilikuwa nzima.

Jumatano, makarani walipotoka kwenda kula, alijaribu nakala yenyewe, diski kwa tepu. Kwa saa nzima ya chakula cha mchana mlio haukukatika.

Alhamisi Bedan alimleta Wambua, fundi wa kampuni iliyouza mtambo. Wambua aliweka sikio juu ya kasha la kompyuta, akagonga ubavu wake mara mbili kwa kucha, na akatoa hukumu kwamba diski imezeeka.

"Dada, huyu ni mzee," alimwambia Safaa kwa upole. "Mzee humbebeshi gunia. Nunueni mtambo mpya, mwaka ujao, muanze kunakili tena."

"Mzee huyu amebeba gunia Jumanne," Safaa alijibu, "akabeba lingine jana, na ataangusha la kesho tu. Huo si uzee, Wambua. Hicho ni kitu kingine."

"Joto, labda."

"Kwa mvua hii?"

Wambua alicheka, akakubali kwamba kwa mvua ile joto lilikuwa limehamia nchi nyingine. Bedan hakucheka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema kwamba kwa kadiri alivyoelewa, mashine ya Safaa ilikuwa nzima siku zote isipokuwa siku iliyotakiwa.

"Ama nayo imesilimu?" aliuliza. "Ikifika Ijumaa mchana inaenda kuswali?"

"Ingekuwa imesilimu," Safaa alisema, "ingemaliza swala ikarudi kwa wakati, kama sisi wengine."

Wambua aliinama akajifanya anakunja waya. Bedan alimwambia Safaa kwamba maneno anayo, ila kesho saa nane na nusu hatakuja kusikiliza maneno.

Jioni ile, nyumbani kwake Gitothua, Safaa alikunja nguo zilizokataa kukauka na kulipanga tatizo upya kichwani. Diski ni ile ile. Tepu ni ile ile. Amri aliyoitoa Jumatano ni ile ile inayotolewa Ijumaa, neno kwa neno. Umeme wa mchana haukuwa na tofauti. Alikuwa hata amepitia orodha ya watu walioingia kwenye kompyuta Ijumaa zilizopita, na haikumwonyesha lolote la ajabu, kwani makarani waliingia asubuhi na kuziacha skrini zao wazi hadi jioni. Alilinganisha kila kitu alichoweza kukilinganisha, kisha, akiwa na shuka mikononi, akatambua kimoja ambacho hakuwa amekihesabu. Jumanne alikuwepo. Jumatano alikuwepo. Ijumaa, tangu alipoajiriwa, alikuwa akianzisha tepu, akifunga mlango, na kwenda msikitini.

Katika vipimo vyake vyote, kitu pekee ambacho hakuwa amekipima ni kutokuwepo kwake.

*

Ijumaa ilipofika hakumwambia mtu yeyote lolote. Saa sita na nusu aliwaona Ayub na wenzake wa ofisi wakitoka, Ayub akiwa ameishika kofia chini ya koti isilowe, na akawasikia wakitaniana kuhusu nani atapata mahali penye mkeka mkavu. Ayub ndiye aliyekuwa mwenzi wa Nakhumicha katika ofisi ya stoo. Yeye aliandaa ripoti ya bidhaa ya kila Ijumaa, na bila ripoti hiyo hakuna lori lililopakiwa. Safaa alianzisha tepu. Kisha akafunga mlango akiwa ndani, akatandika kitambaa nyuma ya kabati, na kuswali adhuhuri yake hapo, kwani mwanamke halazimiki kwenda kwenye swala ya Ijumaa. Alipotoa salamu, tepu ilikuwa bado inaimba mlio wake mmoja. Alikaa juu ya kiti, akasubiri.

Haikumchukua muda mrefu. Mlio ulikatika. Tepu ilisimama, ikarudi nyuma, ikaanza, ikasimama tena. Ndani ya kasha la kompyuta diski ilianza kutoa sauti ambayo hakuwa ameisikia Jumanne wala Jumatano, kukwaruzakwaruza kwa haraka kama kuku wanaochakura chini ya mabati, na taa yake ndogo ikawa haizimiki. Safaa alisogea kwenye skrini na kuuliza kompyuta ni kazi zipi inazozifanya kwa sasa.

Zilikuwa nne. Ya kwanza ni nakala yake. Ya pili ni ripoti ya bidhaa, iliyoanzishwa na Ayub. Ya tatu na ya nne ni ripoti za mauzo na za oda, nazo zilikuwa na majina ya watu wengine wawili aliowaona kwa macho yake wakitoka langoni na miavuli.

Alitoka akapita kwenye korido hadi ofisi ya stoo, akausukuma mlango.

Nakhumicha alikuwa ameketi kwenye kiti cha Ayub. Kando ya kibodi palikuwa na viazi vitamu ndani ya gazeti, vimeliwa nusu. Kupitia ukuta wa kioo Safaa aliwaona makarani wengine wawili, Wakristo kama Nakhumicha, wameketi kwenye viti visivyo vyao, mbele ya skrini zisizo zao, wakifanya kazi kwa bidii na utulivu wa watu waliozoea.

"Nilidhani umeenda," Nakhumicha alisema.

Safaa alimuuliza imekuwa hivi tangu lini, na Nakhumicha akamweleza bila kuficha. Ilianza Ramadhani ya mwaka ule. Ayub na wenzake walikuwa wakifunga, wanarudi kutoka msikitini wamechoka, na wanakuta ripoti zinawangoja na madereva wanapiga kelele. Wakristo waliobaki wakaona si haki. Wakaambiana kwamba watawaanzishia ripoti zao, ili wakirudi wakute zimechapishwa. Ramadhani ikaisha, lakini jambo jema halina tarehe ya kwisha, na wale wengine nao waliahidi kwamba wiki ya Krismasi watawafanyia vivyo hivyo. Kwanza alikuwa yeye peke yake. Baadaye akaongezeka wa mauzo, na wa oda. Ayub alimnong'oneza neno lake la siri, ambalo kompyuta iliuliza kila ripoti ilipoanzishwa. Hakuna aliyemwambia Safaa, kwa sababu kanuni ya kiwanda ilisema anayetumia neno la siri la mwenziwe ataachishwa kazi, na wote walijua kwamba kanuni hiyo aliitunga Safaa mwenyewe.

"Njoo usikilize," Safaa alisema.

Alimpeleka kwenye chumba cha kompyuta, akamsimamisha mbele ya kasha. Akamweleza kwamba diski ina mkono mmoja tu wa kusomea. Mkono huo ukipewa kazi moja, husoma ukurasa baada ya ukurasa. Ukipewa kazi nne zilizo katika pembe nne, huwa kama karani mmoja anayeitwa kwenye madirisha manne kwa pamoja: anaandika herufi moja hapa, anakimbia kule, anarudi. Hapumziki hata kidogo, na hamalizi chochote. Muda wake wote unaliwa na kukimbia.

Nakhumicha alisikiliza kukwaruza kule. Tepu ilisimama, ikarudi nyuma.

"Ni mimi," alisema. "Hii bakapu ninaibeba mpaka Ruiru kila wiki, na ni mimi nimekuwa nikiiua."

"Wewe na wenzio wawili na wema wenu."

"Nitaenda kwa meneja nimwambie."

"Hutaenda popote. Nenda ukasimamishe ripoti, uwaambie na wale wengine. Zikianzishwa upya hazipotezi kitu."

"Na malori? Ripoti zisipokuwa tayari, Bedan atasema bora bakapu ife."

"Zitakuwa tayari. Simamisha kwanza."

Ripoti zilisimamishwa moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilipokoma, kuku ndani ya kasha wakanyamaza, na tepu, baada ya kusitasita mara moja, ikashika tena mlio wake. Makarani wote watatu walikuja kusimama mlangoni. Nakhumicha akagawa viazi vilivyobaki. Mvua ikazidi juu ya mabati, taa zikafifia kidogo na kurudi, na hakuna aliyetafuna mpaka zilipotulia. Safaa hakutazama saa. Alisikiliza tu, na kila dakika ambayo mlio haukukatika ilikuwa kwake jibu kwa Wambua, na kwa mzee wake, na kwa mtambo mpya wa mwaka usiojulikana.

Tepu ilipofika mwisho ilijirudisha yenyewe na kutoka. Safaa aliiweka ndani ya kasha lake la plastiki na kuandika tarehe.

"Sasa ripoti," alisema. "Moja. Ikiisha, ya pili. Msikimbilie dirisha pamoja."

Nakhumicha alianzisha ripoti ya bidhaa, akarudi kukaa, akijiandaa kungoja kama alivyozoea. Kabla hajafunga gazeti la viazi, mashine ya kuchapisha ikaanza kutema karatasi. Aliitazama kama mtu aliyesalimiwa na asiyemfahamu. Ya mauzo ikafuata, kisha ya oda. Kazi zilizokuwa zikila alasiri nzima zikishindana zilikwisha zote kwa kupangwa mstari, na wakati zilipokwisha msikiti ulikuwa bado haujatoa watu.

*

Bedan alikuja saa nane na nusu kamili, mwavuli ukitiririka, Wambua nyuma yake. Ayub na wenzake walikuwa ndio kwanza wanaingia, wakipangusa viatu. Ripoti zilikuwa juu ya meza zao. Tepu ilikuwa mkononi mwa Safaa.

Bedan aliichukua, akaigeuza, akasoma tarehe. Akazitazama ripoti. Akagusa skrini ya Ayub, akabonyeza herufi chache, nazo zikatokea papo hapo.

"Umebadilisha nini?" Wambua aliuliza, naye aliuliza kwa hamu ya kweli.

"Kwenye diski, hakuna. Kazi kadhaa zilikuwa zinaigombania wakati mmoja. Nimezipanga foleni."

Bedan alikuwa mhasibu kabla ya kuwa meneja, na hakuwa mtu wa kupita juu ya jambo. Safaa aliiona hesabu ikijipanga kichwani mwa meneja: saa sita na nusu, skrini, msikiti.

"Kazi za nani?" alisema.

"Za kiwanda."

"Hapana, Safaa. Wenye hizi skrini walikuwa msikitini. Mimi mwenyewe nimepishana nao langoni. Kwa hivyo kuna mtu alikalia kiti cha mwenzake, akatumia neno la mwenzake. Nipe jina."

Nakhumicha alisogea hatua moja mbele. Ayub naye alifungua mdomo. Safaa alizungumza kabla yao, kwa sauti ile ile ndogo.

"Sitatoa jina."

"Kanuni ni yako. Wewe uliniletea niweke sahihi."

"Ni yangu. Niliitunga nikiwafikiria wezi. Sikuwafikiria watu wanaosaidiana."

"Kanuni haiulizi ulimfikiria nani."

"Ndiyo maana nasema ina kasoro, na kasoro ni yangu kuirekebisha."

Bedan alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Atiriri, nisikilize, mama. Nikiacha hii ipite, kesho kila mtu ana neno la kila mtu. Lazima niandike barua ya onyo. Na siwezi kuandikia hewa."

"Andika jina langu."

Lori moja lilipiga honi langoni, mara moja, kwa mazoea, na lingine halikulijibu. Bedan alimtazama Safaa kwa muda, kama anayengoja apunguze neno, naye hakupunguza. Hatimaye Bedan alimrudishia tepu.

"Nilisema ikimaliza kwa wakati itaendelea," alisema. "Imemaliza. Lakini barua utaipata Jumatatu."

"Nitaisubiri," Safaa alisema.

*

Barua ilikuja Jumatatu, ukurasa mmoja, imechapwa na katibu wa Bedan na kuhifadhiwa ndani ya kompyuta pamoja na kumbukumbu nyingine za wafanyakazi. Ilisema kwamba mkuu wa chumba cha kompyuta alikataa kutoa taarifa aliyotakiwa kuitoa. Safaa aliisoma yote, akaona kwamba ni kweli, akatia sahihi kuwa ameipokea.

Siku ile ile alimpa Nakhumicha na wale wengine wawili maneno yao ya siri, yaliyowaruhusu kuanzisha ripoti za wenzao kwa majina yao wenyewe. Akawaandalia Ayub na wenzake yao kwa ajili ya Krismasi. Bedan alipopata habari alimwita akamuuliza ni nani aliyemruhusu. Safaa alimjibu kwamba kutoa maneno ya siri ni kazi iliyotajwa katika barua yake ya ajira, na kwamba kama meneja angependa kuandika barua ya pili ya onyo, kwenye diski nafasi bado ipo. Bedan alimwambia atoke. Alipofika mlangoni alimsikia akicheka, lakini hakugeuka kuhakikisha.

Ijumaa iliyofuata Safaa alianzisha tepu, akafunga chumba, akaenda msikitini. Nakhumicha alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akala chakula chake bila haraka, akiusikiliza ule mlio kupitia ukuta. Ulipokoma, alianzisha ripoti ya bidhaa.

Jioni aliibeba tepu hadi Ruiru mapema kuliko alivyoibeba kwa miezi mingi. Absalom alikuwa bado anafunga robota la mwisho. Alikaza kamba, akaosha mikono, akaipokea, na kuuliza swali aliloliuliza kila wiki tangu mwaka uliopita: kuna nini ndani?

"Kila kitu," Nakhumicha alisema. "Ajira za watu wote, siku walizoanza. Hata ile barua ya onyo ya Safaa imo."

Absalom alilitafakari hilo. Kisha aliiweka tepu kwenye rafu ya juu, mbali na maji yaliyokuwa yakiingia chini ya mlango wa godauni, akafunga kabati, na kuvuta mpini wake mara mbili kuona kama umeshika.

"Hiyo barua basi haipotei," alisema. "Itakuja kuwa shahidi wake."